Mdomo wa Fundi

Mtaani walimwita Mdomo. Hakuwa msemaji sana. Waliomwita hivyo walimaanisha kwamba alikuwa mdomo wa mama yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, na watu walimjua kwa jina la kazi yake tu: Fundi. Mumewe alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo katika vile vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani, waliishi watu wawili, mmoja mwenye mikono na mwingine mwenye mikono na sauti, na kazi za nyumba zikajigawa zenyewe.

Akiwa na miaka mitano hivi, pua ndiyo kwanza inafika usawa wa meza ya bucha, mtoto aliitazama mikono ya mama yake, akamgeukia muuza nyama na kusema kwa sauti nyembamba lakini thabiti, "Mimi nataka nusu kilo, isiyo na mafuta. Na safari hii usinipimie mifupa mitupu. Mimi sifugi mbwa, na wewe si mjanja kama unavyojidhania."

Muuza nyama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao hakucheka. Alimshika mtoto sikio akalisokota. "Wewe! Nani kakufundisha kuongea hivyo na watu wazima?"

"Si mimi," mtoto akalia. "Ni mama."

"Nimesikia 'mimi' kwa masikio yangu haya haya. Na uongo juu?"

Fundi aliona sikio likisokotwa, hakujua sababu. Akauliza kwa mikono: anasema nini huyu? Mtoto akafuta machozi, akajibu kwa mikono: anasema nimekua.

Tangu siku hiyo alijifunza kuchuja. Neno la mama yake likitoka mkononi na miiba yake, lilipita kooni mwake likapunguzwa, likatokea upande wa pili likiwa laini, "tafadhali" mbele na "asante" nyuma. Hakuna aliyemfundisha. Sikio lilitosha kuwa mwalimu.

Miaka michache baadaye Fundi aliitwa shuleni. Mtoto akakalishwa katikati, baina ya mama na mwalimu.

"Mwambie mama yako," mwalimu akasema, "kwamba darasani husikilizi, unachora mezani, na juzi umemmwagia mwenzako wino kwa makusudi."

Angeweza kudanganya, na nadhani hata mwalimu alitegemea adanganye. Lakini Fundi alisoma nyuso kama wengine wanavyosoma magazeti, na uso wa mwalimu ulikuwa umeshatoa habari yote. Mtoto akatafsiri. Fundi akawaka, mikono ikapaa hewani, na binti yake, amesimama wima kama askari, akaanza kumfokea mtu asiyeonekana: "Mimi nimechoka na mtoto huyu! Leo nikifika naye nyumbani atanitambua! Mimi nashona mpaka mgongo unapinda ili yeye asome, naye anachezea wino!"

Alifoka kwa hasira ya kweli, mishipa ya shingo imemsimama. Mwalimu alijifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika. Njiani kurudi nyumbani mtoto alijikuta bado amejikasirikia, na hakuweza kujua kama ile hasira ilikuwa ya mama yake, imebaki kifuani mwake kama makombo, au ilikuwa yake mwenyewe.

Alipokuwa mtu mzima, kile alichokifanya bure kikawa kazi yake. Akasomea ukalimani wa lugha ya alama, akaajiriwa, akawa anazunguka: leo hospitali, kesho mahakamani, keshokutwa ofisi ya ajira. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo ni kwamba mkalimani hasemi "anasema hivi, anasema vile." Mwenye maneno akisema mimi, nawe unasema mimi. Basi mchana mmoja Mdomo aliweza kuwa mtuhumiwa wa wizi, kisha mama mjamzito, kisha mzee aliyegombana na jirani kwa ajili ya mti uliovuka ukuta. "Mimi sikuvunja dirisha hilo." "Mimi nasikia mtoto anacheza upande wa kushoto." "Mimi mti nimeupanda kabla hajazaliwa huyu." Wenye ofisi walimpenda. Walisema baada ya muda mfupi mtu anasahau kabisa kwamba yumo chumbani. Aliipokea kauli hiyo kama sifa, na kwa upande wa kazi ilikuwa sifa hasa.

Aliolewa na fundi umeme, mwanamume mtaratibu, mpole wa maneno, ambaye alijifunza lugha ya alama kwa ajili ya mkwewe ingawa vidole vyake vinene vilikosea mara kwa mara na kumwita mama mkwe "kiazi." Ndoa yao haikuwa na kelele. Mume akiuliza, "Tule nini leo?" mke alijibu, "Chochote." "Siku ya mapumziko twende wapi?" "Popote unapoona." Mume akawa anawatania wageni: "Mimi nimemuoa Chochote binti Popote. Mke mzuri sana, sema tu bado sijabahatika kukutana naye." Watu walicheka, na mke alicheka kuliko wote.

Fundi alihamia kwao alipozeeka, na cherehani yake. Akapewa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, akawa anashona viraka vya majirani na mashuka ya nyumba. Kisha mapindo yakaanza kupinda. Akawa anaushika uzi na sindano anavileta karibu na pua, anakosa tundu, anakosa tena, anavitupa. Siku moja mkwewe alimsalimia kutoka mlangoni kwa mikono, naye akaendelea kumtazama kwa adabu tupu, kama unavyomtazama mtu anayeongea lugha ya kigeni.

Kwa mtu mwingine, jicho likiingia ukungu ni jicho tu. Kwa Fundi, jicho lilikuwa pia sikio. Mdomo alilijua hilo, akampeleka hospitali haraka. Na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mkalimani mwingine wa karibu, alitafsiri yeye mwenyewe, kama alivyofanya maisha yake yote.

Chumba cha daktari wa macho kilikuwa na pazia jeusi, chati ya herufi ukutani na viti vitatu. Daktari, mama wa makamo aliyevaa viatu vya raba, alimulika jicho moja, akamulika la pili, akakaa.

"Ni mtoto wa jicho, yote mawili. La kulia limekomaa, tutaanza na hilo. Upasuaji wenyewe ni mfupi, ila kabla hajakubali nataka nijue moyo wake uko wapi. Muulize anaishi na nani, na anaogopa nini."

Mdomo aliyapeleka maneno kwa mikono, karibu na uso wa mama yake, taratibu. Majibu yakarudi.

"Mimi naishi na binti yangu na mumewe. Wananitunza vizuri. Kisu sikiogopi."

"Binti mwenyewe ndiye huyu mkalimani?" daktari akauliza.

Mikono ya Fundi ilijibu, ikatulia kidogo juu ya mapaja, ikainuka tena. Mdomo alishazoea kufungua kinywa kabla ya kuelewa, maneno yakamtangulia.

"Ndiye. Lakini mimi simjui."

Daktari akainua macho. Fundi aliendelea, na sauti ya binti yake ikaendelea naye, tulivu, kila neno mahali pake. "Amesema maneno yangu tangu hajang'oa meno ya utoto. Nikiwa na njaa, alisema ana njaa. Nikigombana, aligombana. Nilimfanya ghala la maneno yangu, na sasa najiuliza ya kwake aliyaweka wapi. Mimi, daktari, nasikia kwa macho. Haya yakizimika sitamwona mtu akiongea tena. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nitaingia gizani sijui niliishi na nani."

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Samahani. Anayeongea sasa hivi ni yeye au ni wewe?"

"Ni yeye," Mdomo akajibu, na sauti ilikuwa ile ile.

Fundi akaongeza jambo moja tena. Kwa mkalimani, kazi ni kazi. "Naomba nikija tena niletewe mkalimani mwingine," alisema kwa ufasaha, kama karani anayesoma hukumu mbele ya watu. "Huyu nataka akae kwenye kiti cha ndugu."

Walirudi nyumbani. Walipoingia jikoni Mdomo aliweka mkoba mezani, akamshika mama yake bega ili amgeuze kwenye mwanga.

"Umeniaibisha mbele ya watu ninaofanya nao kazi," mikono yake ilisema.

"Nimesema kweli."

"Ungeniambia hapa nyumbani!"

"Hapa nyumbani ningekuambia, ungesema sawa. Kila kitu kwako sawa. Mimi sijui ni sawa ya nani."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Ningejua," Fundi akajibu, "ningekuwa nimeshakusemea."

Kisha akafumba macho. Hiyo ni silaha ambayo wenye masikio hawana: ugomvi ukikukifu unafumba macho, na mwenzako, hata awe na hoja kama mlima, amebaki anapunga hewa. Mdomo alisimama mbele ya mama yake aliyefumba macho, mikono imebaki juu, mpaka alipohisi mumewe anamtazama kutoka mlangoni.

Walipomaliza kula jioni ile, Fundi akiwa ameshaingia chumbani kwake, Mdomo alimuuliza mumewe, "Hivi, mimi ni mtu wa namna gani?"

Mume alikuwa anamenya chungwa. Akaliweka chini. "Swali zito hilo kwa mtu aliyeshiba."

"Nauliza kweli."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kuchukua muda wake. "Unalala umegeukia ukuta. Mtu akijikwaa barabarani unacheka kwanza, ndipo unampa pole. Unabishana na redio. Viatu unavivua kwa mguu, hutumii mkono, ndiyo maana vinakufa mapema. Mgeni asiyeaga humsamehei."

"Hayo ni ninayoyafanya. Mimi nauliza mwenye kuyafanya ni nani."

"Mke wangu, mimi nikikutazama hapo sioni mwingine amejificha nyuma ya huyo."

"Lakini ulikuwa unasema hujabahatika kukutana naye."

Mume akalichukua tena chungwa, akalipasua. Utani ule alikuwa ameurudia miaka mingi, na sasa kwa mara ya kwanza aliusikia kama alivyousikia mkewe. "Nilikuwa natania," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujidanganya, "Siyo wote ulikuwa utani."

Alimpa nusu ya chungwa. Mdomo alilila pole pole, akijaribu kuamua kama anapenda machungwa. Aliona ajabu kwamba ilimbidi aamue.

Kesho yake alikuwa mahakamani. Kesi ilikuwa ndogo, kijana kiziwi anadaiwa kumpiga ngumi mlinzi wa sokoni. Kijana akainua mikono, na Mdomo akafungua kinywa. "Anasema hakumpiga," akasema. "Anasema mlinzi ndiye aliyemshika kwanza."

Hakimu, aliyemzoea kwa miaka, akavua miwani. "Mama mkalimani, leo vipi? Yeye ndiye mshitakiwa, tunataka kumsikia yeye."

"Samahani, mheshimiwa." Akajikohoza. "Mimi sikumpiga," akaanza upya. Lakini lile neno, ambalo maisha yake yote lilikuwa likimtoka kama pumzi, lilikuwa limekuwa zito mdomoni. Alimaliza kesi ile jasho likimtiririka mgongoni. Alipotoka nje alikaa kwenye ngazi za mahakama na kujaribu, kwa sauti ya chini, kulisema likiwa peke yake, bila jambo la mtu nyuma yake. Mimi. Mpita njia mmoja akageuka, akidhani ameitwa. Mdomo akainuka akaenda zake.

Siku ya kurudi kwa daktari, mkalimani mwingine aliwakuta mlangoni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, mwenye sauti nzito kama pipa linaloviringishwa darini. Wenzake kazini walimwita Besi. Alimwamkia Fundi kwa mikono kwa heshima zote, "Shikamoo mama," akachukua kiti cha katikati. Mdomo akakaa kwenye kiti cha tatu, kando ya ukuta, mkoba mapajani. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Haya mama," daktari akasema, "tangu tuonane umekuwaje?"

Fundi alijibu, na Besi akanguruma: "Mimi ni mwanamke mjane, daktari, na tangu siku ile silali vizuri."

Mdomo alijikaza. Alitazama chati ukutani, akasoma herufi kutoka juu kwenda chini. Haikusaidia. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikampasuka, akajiziba kwa mkoba. Daktari naye akaambukizwa. Fundi akawageukia.

"Mnacheka nini?" Besi akanguruma kwa niaba yake.

"Mama," Mdomo akasema kwa mikono huku machozi yanamtoka, "umekuwa na sauti ya dereva wa lori."

"Nzuri?"

"Inatisha."

"Basi na imtishe daktari," Besi akanguruma, "maana vidole vyake vina baridi, kila akinishika kope nadhani ameolewa na jokofu."

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Akavisugua viganja vyake. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa kama ya watu waliokua pamoja. Alipoulizwa kama ana kisukari, Fundi alisema labda, ila mkwewe anayemaliza sukari ya nyumba ndiye apimwe kwanza. Aliposikia kwamba baada ya upasuaji asiiname wala asibebe kitu kizito, aliuliza kama hiyo ni dawa ya macho au ni dawa ya uvivu, na kama yaweza kuandikwa kwa herufi kubwa ikabandikwa ukutani.

Mdomo aliacha kucheka kabla ya wenzake. Alikuwa anamsikiliza Besi na kuitazama mikono, na alichokiona kilimzindua ghafla. Mizaha ile yote aliijua. Aliijua tangu utoto. Mama yake hakupata kusema sentensi tatu bila kutia pilipili kwenye mojawapo. Lakini tangu siku ile ya bucha hakuwahi kumwona mtu mwenye masikio akiicheka namna hii. Siku zote alijiambia kwamba watu hawamwelewi mama yake kwa kuwa ni kiziwi. Sasa Besi alikuwa akiyatoa maneno yalivyo, miiba na yote, na daktari alikuwa anayaelewa bila shida yoyote.

Mama naye, basi, alikuwa ameishi miaka yote ndani ya sauti ya binti mwenye adabu. Watu wa mtaa walimheshimu Fundi, walimwita mama mtaratibu, mstahimilivu. Huyo mama mtaratibu alikuwa nani? Alishonwa na nani? Mdomo alihisi joto la aibu linampanda masikioni. Alikuja na kinyongo kwamba ameazimwa maisha yake yote. Hakuwa amefikiria kwamba yeye pia alimwazima mtu, akamrudisha amepunguzwa.

"Na wewe binti," daktari akamgeukia, "una la kusema kabla hatujapanga siku?"

Watu watatu wakamtazama. Besi aliinua mikono yake, tayari kumpelekea Fundi maneno yatakayotoka. Hakuna mtu aliyewahi kuinua mikono kwa ajili yake. Alifungua kinywa, akangoja, kama anavyongoja mkalimani, maneno yatoke kwa mwenyewe. Hayakuja. Halafu lilikuja moja, halikuwa zuri wala la hekima.

"Mimi nimekasirika."

Alilisikia likianguka chumbani. Akalichunguza, la nani hili? Likawa lake.

"Nimekasirika, mama. Ulinifukuza kazi mbele ya daktari. Na tena sikupenda kwenda bucha. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba, mimi naambiwa njoo ugombane na muuza nyama. Nilisokotwa sikio kwa ajili ya maneno yako, na hujawahi kujua sababu!"

Besi alikuwa anatafsiri, uso wake hauna chochote, mtu wa kazi. Fundi alisogeza kichwa mbele, macho yenye ukungu yakimtafuta binti yake, na uso wake ukaanza kuchangamka kama wa mtu anayepokea mgeni aliyemngoja muda mrefu. "Endelea," mikono yake ikasema.

"Na nilipenda pia," Mdomo akasema, sauti imeshuka. Sasa mikono yake ilikuwa imeanza kwenda pamoja na mdomo bila kumngoja Besi. "Nilipenda kuwa mtu mkubwa. Watu walikuwa wakinyamaza kunisikiliza. Nilikuwa nafoka kama wewe na naona raha. Sijui lipi ndilo la kweli."

"Yote," Fundi akasema. "Mbona watu wenye masikio mnapenda kuchagua?"

"Na nimekuwa nikikuchuja. Maneno yako. Nimekuwa nikiyalainisha."

Mikono ya Fundi ilisimama hewani. "Tangu lini?"

"Tangu sikio."

Mlango uligongwa. Muuguzi akachungulia kusema kwamba foleni imefika kwenye ngazi na watu wanalalamika. Daktari akasema anamalizia. Ikapangwa siku ya upasuaji, na hapakuwa na kukumbatiana wala hotuba, kwa maana mgonjwa wa pili alikuwa ameshaingia nusu ya mwili, anauliza kama zamu yake imerukwa.

Fundi alipasuliwa jicho la kulia. Likafungwa kwa bandeji, na lile la kushoto, katika kungoja zamu, lilikuwa nalo limekuwa ukungu mtupu, kwa hiyo kwa muda ule alikuwa katika giza alilokuwa akiliogopa. Mdomo aliomba ruhusa kazini akakaa naye. Walijifunza haraka namna mpya ya kuongea: Mdomo alifanya ishara ndani ya viganja vya mama yake, na mama akazishika ishara zile kama mtu anayepima kitambaa kwa vidole.

Mchana ule, jua likiwa dirishani, mama alimuuliza kitu kimoja, akarudia kukiuliza kila binti alipodhani amekimaliza: unapenda nini? Mdomo alijibu kwa tabu mwanzoni. Anapenda kuoga maji ya baridi. Hapendi rangi ya sebule, hajawahi kuipenda. Anapenda kazi yake, kumbe, anaipenda sana. Kuna saa anapokuwa mtu mwingine na kujiona mwepesi, na hataki kuacha. Machungwa anayapenda kidogo tu. Mara nyingine alikosa jibu, akasema sijui kwenye kiganja cha mama yake, na Fundi akaipokea "sijui" ile kama alivyopokea mengine, akaifumbata.

"Kumbe mikono yako migumu," Fundi akasema mwishoni. "Siku zote niliiona tu. Sikujua ina sugu."

"Sugu za kukuosheia masufuria."

"Hilo nalo umelisema mwenyewe," Fundi akajibu, akacheka ile sauti yake ya kukoroma ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Bandeji ilipotolewa, Fundi alimtazama binti yake kwa jicho moja kwa muda mrefu. Besi alikuwepo, kwa hiyo chumba kizima kilisikia kwa sauti ya pipa: "Mungu wangu, umezeeka! Nani kakufanya hivi?"

Sebule ilipakwa rangi upya. Mdomo alichagua kijani, mume akaona ni kali mno, wakazozana, na mume, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, alisema hajawahi kufurahia ugomvi kama ule. Kazini Mdomo alirudi kwenye kanuni yake. Anasema mimi kwa niaba ya wezi na wajane na wazee wenye miti, na analisema vizuri. Tofauti ambayo wenzake wameiona ni kwamba kati ya shauri moja na jingine hutoka nje kidogo, hanywi kitu, haongei na mtu, kisha anarudi. Jicho la pili la Fundi lilifuata, nalo likapona. Na kila Fundi anapokwenda kliniki au ofisini, anakwenda na Besi. Binti yake hafuatani nao tena.

Majuzi Fundi alirudi amenuna. Akakaa kwenye cherehani, akavuta sketi ya jirani iliyohitaji pindo.

"Yule kijana," mikono yake ikasema, "ananifanya mkali. Karani wa leo ameniogopa."

"Wewe ni mkali," Mdomo akamjibu.

"Wewe ulinifanya mpole. Watu walinipenda."

"Sasa wewe mwenyewe ni yupi? Mkali au mpole?"

Fundi alifikiri. Akautia uzi kwenye sindano, ukaingia mara ya kwanza. Mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo alimwonyesha binti yake kwa kidevu akae kwenye kigoda, angoje, kuna pindo la kumaliza kwanza. Mdomo akavua viatu kwa mguu, akakaa.